Hutch wa Ann Arbor: kocha aliyeanza kwa kudai posho

Mgogoro ulianzia kwenye posho. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya Michigan State, chuo kikuu cha umma kilichopo East Lansing nchini Marekani, waliiona tofauti kila waliposafiri. Wenzao wa kiume walipewa fedha nyingi zaidi za chakula na walilala kwa nafasi hotelini. Wao walibanana vyumbani na kuhesabu senti mezani. Chuo kilikuwa kimoja, mchezo mmoja, jezi rangi moja. Mapema mwaka 1979 wakaenda mahakamani. Jina lililotangulia kwenye hati ya madai dhidi ya bodi ya chuo chao lilikuwa la binti wa miaka 21, mzaliwa wa Lansing, Carol Hutchins, na shauri hilo linaitwa kwa jina lake mpaka leo. Jaji wa mahakama ya shirikisho alitoa amri ya muda kukizuia chuo kuwapendelea wanaume katika fedha za safari.

Msimu huohuo, upande wa wanaume, chuo kilikuwa na kijana mwingine wa Lansing, Earvin Johnson, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Magic. Machi 1979 Magic na wenzake waliifunga Indiana State ya Larry Bird katika fainali ya taifa, mechi ambayo bado inahesabiwa miongoni mwa zilizotazamwa sana katika historia ya kikapu cha vyuo. Walistahili kila walichopata. Madai ya wasichana yalikuwa kwamba njaa ya mwanamke anayetoka mazoezini haina tofauti na ya mwanamume.

Hutchins hakudumu kwenye kikapu. Alikwenda kufundisha softiboli, akaifundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan kwa misimu 38 kama kocha mkuu, na alipostaafu Agosti 2022 alikuwa ameshinda mechi 1,707, nyingi kuliko kocha yeyote wa mchezo huo katika vyuo vya Marekani. Waandishi wengi huanza na namba hiyo na kuishia hapo. Mimi naiona kazi yake yote, kuanzia ile hati ya madai hadi mechi ya mwisho, kuwa kazi moja: kuhakikisha msichana anayecheza mpira anachukuliwa kuwa mchezaji kamili.

Sheria ya kumsaidia ilikuwapo. Juni 23, 1972, Rais Richard Nixon alitia saini marekebisho ya sheria za elimu, na Kifungu cha Tisa cha marekebisho hayo kikapiga marufuku ubaguzi wa jinsia katika taasisi yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Maneno yake ni machache, na hayataji michezo hata mara moja. Lakini sheria haijisimamii yenyewe. Vyuo vilisuasua, vikasingizia bajeti, vikasubiri mtu ajitokeze kushtaki. Ilihitajika wanafunzi wenye mitihani ya kufanya na mechi za kucheza wakubali kuonekana wakorofi mbele ya walimu wao, na hilo ndilo Hutchins na wenzake walilokubali.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona softiboli, ni ndugu wa besiboli, iliyozaliwa ndani ya ukumbi mjini Chicago mwaka 1887. Timu mbili za watu tisa tisa hupokezana kupiga na kuzuia, zamu saba kila upande. Waliowahi kupita Sekondari ya Azania, Upanga, jijini Dar es Salaam, wameuona uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani. Vipimo vya softiboli ni vidogo zaidi: kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mita 18 na kidogo, na ndiyo sababu kila kitu hutokea haraka. Mrushaji husimama mita 13 hivi kutoka kwa mpigaji, huzungusha mkono duara zima na kuuachia mpira usawa wa nyonga. Walio hodari huurusha kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa.

Ukitaka kuelewa kocha wa mchezo huu anafundisha nini hasa, mtazame mpigaji mmoja tu. Tangu mpira uachiwe, ana chini ya nusu sekunde ya kuuona, kuamua na kuzungusha gongo. Mrushaji mjanja naye harushi kwa namna moja. Upo mpira unaozama karibu na magoti, upo unaopanda kuelekea kifuani, na upo ule ambao mkono wote unaonyesha kasi kumbe mpira wenyewe umepunguzwa mwendo, mpigaji akamaliza kuzungusha gongo wakati mpira bado uko njiani. Uamuzi wa aina hiyo haufikiriwi uwanjani, hakuna muda. Unajengwa mazoezini, mpira baada ya mpira, miezi na miezi, na kocha amesimama nyuma ya wavu akitazama goti, bega na macho ya mpigaji.

Hutchins aliujua mchezo huo kwa mwili wake. Mwaka 1976, akiwa mwaka wa kwanza, alikuwa kwenye timu ya softiboli ya Michigan State iliyotwaa ubingwa wa taifa kule Omaha, Nebraska, akicheza kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mipira ya chini yenye kasi hupita kwa wingi. Siku hizo wanawake walijiendeshea mashindano yao wenyewe kupitia chama chao, AIAW. NCAA, chombo kikubwa cha michezo ya vyuo, hakikuandaa ubingwa wa softiboli mpaka 1982. Kwa hiyo alicheza katika dunia ambayo wanawake walikuwa na uamuzi wao na hawakuwa na fedha, na alikuja kufundisha katika dunia ambayo fedha zilianza kuja na uamuzi ukaanza kuondoka. Nitalirudia hili mbele, maana ndipo penye uzito.

Alipata shahada ya pili Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1981, akafundisha msimu mmoja Ferris State, halafu akaenda Ann Arbor, kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, kuwa kocha msaidizi. Kutoka Michigan State kwenda Michigan ni sawa na kutoka Simba kwenda Yanga, na mzaliwa wa Lansing lazima alisikia maneno. Mwaka 1985, akiwa hajatimiza miaka 28, alikabidhiwa timu. Wachezaji na mashabiki wakazoea kumwita Hutch.

Ann Arbor ni pahali pagumu kwa mchezo huu. Msimu huanza Februari, na Februari huko ni theluji. Timu hujifua ndani ya ukumbi, kwenye nyasi bandia, chini ya taa, halafu hupanda ndege kwenda Florida, Arizona au California kucheza wiki za kwanza zote ugenini. Mpira unaodunda kwenye nyasi bandia una tabia yake, na ule unaodunda kwenye udongo una yake. Mlinzi aliyeuzoea mmoja huonekana mzembe mbele ya mwingine. Wasichana wa vyuo vya UCLA na Arizona, kwa upande wao, wako juani mwaka mzima. Haishangazi kwamba kuanzia 1982 hadi 2004 kila bingwa wa NCAA alitoka magharibi ya mto Mississippi: UCLA na Arizona mara nyingi, na katikati yao Texas A&M, Cal State Fullerton, Fresno State, Oklahoma na California.

Hutch alikaa kwenye baridi. Misimu saba ya kwanza haikumpa taji la ligi yao, Big Ten. La kwanza lilikuja 1992. Mwaka 1995 akafika kwa mara ya kwanza kwenye fainali za taifa, zinazokutanisha timu nane mjini Oklahoma City, akarudi bila kombe. Akaenda tena 1996, 1997, 1998, 2001, 2002 na 2004. Zote hizo alirudi bila kombe. Sisi tuliozoea klabu zinazomtimua kocha baada ya sare tatu tutazame vizuri hesabu hiyo. Miaka kumi kamili ilipita kati ya safari ya kwanza ya fainali na ubingwa, na chuo kilimwacha afanye kazi. Sidhani kama bila uvumilivu huo tungekuwa tunamwandika leo.

Kazi yenyewe haikuwa ya uwanjani pekee. Kwa miaka mingi sheria za NCAA ziliiruhusu timu ya daraja la juu kutoa ufadhili wa wachezaji 12 tu, huku timu ikiwa na wachezaji 20 na ushei. Kocha aligawa: huyu nusu, huyu robo, huyu ada ya vitabu. Kila mgawo ulikuwa mazungumzo na familia iliyokaa mbele yake sebuleni ikitaka kujua binti yao atasoma vipi. Mazoezi yamewekewa ukomo wa saa 20 kwa wiki, maana hao ni wanafunzi, na Michigan si chuo cha kupita kwa ujanja. Na baada ya chuo hapakuwa na ligi ya kulipwa ya kutegemea. Kijana wa kikapu anaota NBA. Wasichana wengi wa softiboli wakifika miaka 22, mchezo umeisha. Kocha anayelijua hilo anafundisha mtu ambaye baada ya miaka minne atahitaji vitu vingine kabisa kutoka kwake.

Mwaka 2005 mambo yakakaa sawa. Michigan ilimaliza msimu na ushindi 65 na vipigo saba. Kwenye fainali walikutana na UCLA, mabingwa wa miaka miwili mfululizo, katika mfumo wa mshindi wa mechi mbili kati ya tatu. Mechi ya kwanza walilala 5-0. Mtu angeweza kusema ni yaleyale ya miaka yote: wasichana wa theluji wamekutana na wenye mchezo wao. Kesho yake wakashinda 5-2.

Mechi ya tatu, Juni 8, zamu saba ziliisha timu zikiwa 1-1. Zikaongezwa. Ya nane, ya tisa, hakuna kitu. Katika softiboli zamu za nyongeza ni mateso ya aina yake, kwa sababu kosa moja dogo, mpira mmoja uliopitiliza glovu, unatosha kumaliza msimu mzima. Zamu ya kumi Michigan wakapata watu wawili vituoni, na aliyekuja kupiga akawa Samantha Findlay, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akaupiga mpira ukavuka uzio. Wote watatu wakarudi kituo cha nyumbani, kila mmoja akiongeza pointi, 4-1. Mrushaji Jennie Ritter akarudi kufunga hesabu, na kwa mara ya kwanza kombe la NCAA la softiboli likavuka mto Mississippi kwenda mashariki. Ulikuwa msimu wa 21 wa Hutchins katika nafasi hiyo.

Mwezi mmoja baadaye, Julai 8, 2005, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikutana Singapore na kuiondoa softiboli kwenye michezo kuanzia London 2012. Kura zilifungana 52 kwa 52, na kura nusu hazikutosha kuibakiza. Kizazi kizima cha wasichana, wakiwemo wale waliokuwa wametoka kushangilia Oklahoma City, kikafungiwa mlango wa jukwaa kubwa kuliko yote. Mchezo ulirejea Tokyo mwaka 2021, na Amanda Chidester, aliyelelewa na Hutch pale Ann Arbor, alikuwemo kwenye kikosi cha Marekani kilichopata medali ya fedha nyuma ya Japani. Miaka 13 kati ya Olimpiki ya Beijing na ile ya Tokyo ni mirefu kuliko uhai wa michezo wa wachezaji wengi.

Mengine ya uwanjani nitayapitia haraka, kwa kuwa yanajisemea. Mataji 22 ya Big Ten, tisa kati yake mfululizo kutoka 2008 hadi 2016. Safari 12 za fainali za taifa. Mwaka 2015, akiwa na Sierra Romero, mmoja wa wapigaji bora waliowahi kupita chuoni hapo, alifika tena kwenye mechi ya mwisho kabisa na kufungwa na Florida, mechi mbili kwa moja. Mwaka 2016 aliivuka rekodi ya ushindi 1,457 ya Margie Wright wa Fresno State. Katika misimu yake yote 38 pale Ann Arbor hakuwahi hata mara moja kumaliza akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Hakuna kocha wa Michigan wa mchezo wowote aliyeshinda mechi nyingi kama yeye, na hapo wamo makocha wa mpira wa Kimarekani, mchezo unaojaza uwanja wa watu zaidi ya laki moja katika mji huohuo. Uwanja wa softiboli sasa una jina lake.

Turudi kwenye uamuzi. Mwaka 1972, kabla Kifungu cha Tisa hakijaanza kufanya kazi, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Vivian Acosta na Linda Carpenter wa Brooklyn College walilifuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa, na hesabu yao ya mwaka 2014 ilionyesha asilimia 43 hivi. Sababu haina fumbo. Wakati kufundisha wasichana kulikuwa kazi ya kujitolea, ya kuendesha basi dogo mwenyewe na kufua jezi, wanaume hawakuigombania. Sheria ilipoleta mishahara na viwanja, wakaigombania, na waliokuwa wakifanya uamuzi wa kuajiri walikuwa wanaume wenzao. Kinyume chake hakikutokea: wanawake wanaofundisha timu za wanaume wamebaki wachache sana.

Sisemi kwamba wanaume hao hawajui kazi. Mike Candrea aliipa Arizona mataji manane ya taifa na akaipa Marekani dhahabu ya Athens mwaka 2004, na hakuna mpenda softiboli atakayemvunjia heshima. Ninachosema, na Hutchins amekisema hadharani kwa miaka mingi, ni kwamba msichana anayecheza mpaka chuo kikuu bila kuona mwanamke akiongoza hata timu moja, hufundishwa jambo ambalo halikuandikwa kwenye ratiba ya mazoezi.

Na vita vya posho havikuisha. Machi 2021, kwenye mashindano ya kikapu ya wanawake kule San Antonio, mchezaji mmoja alirusha mtandaoni video fupi ya chumba cha mazoezi walichopewa: rafu moja ya vyuma vyepesi, wakati wanaume walikuwa na ukumbi mzima. NCAA ililazimika kuajiri mawakili wa nje kuchunguza usawa. Juni ya mwaka huohuo fainali za softiboli zilibanwa kwenye ratiba isiyo na mapumziko, mvua ikachelewesha mechi, na mechi mojawapo ikaisha baada ya saa nane usiku, wachezaji wakiwa wanafunzi wa chuo na uwanja ukiwa hauna mabafu ya kuogea. Mwaka uliofuata siku za mapumziko ziliongezwa. Mwaka 2021 ilikuwa imepita miaka 42 tangu Hutchins na wenzake waende mahakamani kudai chakula.

Alitangaza kustaafu Agosti 24, 2022, akiwa na miaka 65, miezi miwili baada ya Kifungu cha Tisa kutimiza nusu karne. Kila mwaka alikuwa akikusanya watu wazima uwanjani kwake, wakajifunza kupiga na kudaka kama wachezaji, na fedha walizotoa zikaenda kupambana na saratani. Kazi hiyo haikuingia kwenye hesabu ya ushindi na vipigo, lakini ukiwasikiliza watu wa Ann Arbor utadhani ilikuwa nusu ya ukocha wake.

Siku hiyohiyo chuo kilimtaja atakayeshika nafasi: Bonnie Tholl. Tholl aliichezea Michigan chini ya Hutch kuanzia 1988 hadi 1991, akarudi kuwa msaidizi wake, akakaa kando yake takriban miongo mitatu. Alikuwepo 2005. Alikuwepo 2015. Kwa maoni yangu uteuzi huo ndio ushindi ambao Hutchins aliufanyia kazi muda mrefu kuliko mwingine wowote. Katika nchi ambayo nafasi kama ile hutangazwa na mara nyingi kuchukuliwa na mwanamume, yeye alikuwa tayari na mtu, mwanamke, aliyepikwa akaiva, ambaye hakuna mkurugenzi angeweza kumruka bila kujieleza.

Msimu wa kwanza wa Tholl, 2023, ulikuwa mgumu, na Michigan ilikosa hata kuingia kwenye mashindano ya taifa. Chuo kilimwacha afanye kazi. Msimu wa pili, 2024, timu yake ilitwaa kombe la mashindano ya Big Ten.